Barua ya wazi: Someni rivolva kuukuu za polisi kabla ya kuzichoma

Kwa: Inspekta Jenerali wa Huduma ya Taifa ya Polisi, Mwenyekiti wa Bodi ya Leseni za Silaha, Mkurugenzi Mkuu wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, Mkurugenzi wa Hifadhi ya Nyaraka za Taifa

Nakala: Makamanda wa polisi wa kaunti za Nakuru, Kisumu, Kakamega na Trans Nzoia

MINT: KUSAJILIWA KWA RIVOLVA KUUKUU ZA POLISI ZA BONDE LA UFA, NYANZA NA MAGHARIBI

Waheshimiwa,

Tarehe 15 Novemba 2016, silaha haramu 5,250 zilirundikwa Ngong zikatiwa moto. Hatuna kinyongo na moto ule. Silaha iliyochomwa hairudi tena kuua mtu, na Itifaki ya Nairobi ya 2004, ambayo Kenya ni mwanachama wake, inazitaka serikali ziondoe silaha za ziada zisirande mikononi mwa watu. Lakini itifaki hiyohiyo inadai pia kwamba silaha ziwekwe alama na rekodi zake zitunzwe, na hapo ndipo shauri letu lilipo. Kwenye rundo la namna ile, kwa macho ya asiyejua, rivolva ya Webley iliyoundwa Birmingham mwaka 1916 na gobore lililoungwa kwa bomba la maji ni vyuma chakavu viwili, basi.

Sisi tunaoandika ni wafuatiliaji wa historia ya silaha za polisi, wengi wetu tukiwa Nakuru na Kisumu. Kazi yetu ni kusoma chapa zilizogongwa kwenye chuma, kulinganisha nambari na madaftari, na kujua silaha ilitoka wapi, ilipita kwa nani na ilifikaje hapa. Tusieleweke vibaya. Hatuombi kupewa silaha, hatuombi leseni, wala hatutetei mtu anayeficha bastola ya marehemu babu yake darini akiita urithi. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kiko wazi: bila cheti, ni kosa.

Ombi letu ni moja. Rivolva yoyote kuukuu iliyoko kwenye ghala la silaha la kituo, kwenye stoo ya vielelezo vya kesi, au iliyosalimishwa na raia, isipelekwe kuchomwa kabla haijajaziwa karatasi moja na kupigwa picha nane. Kwa mtu aliyezoea, ni kazi ya dakika 20. Baada ya hapo chache zichaguliwe, ziuliwe kabisa kiufundi, yaani zisiweze kufyatua tena, ziende makumbusho. Zilizobaki chomeni.

Mtauliza kwa nini tumeng'ang'ania rivolva na kuziacha bunduki. Ni kwa sababu katika polisi wa kikoloni bunduki ndefu ilikuwa ya askari, na askari aliichukua zamu ilipoanza akairudisha zamu ilipokwisha. Leo namba hii, kesho namba ile. Rivolva ilikuwa ya ofisa. Ilikaa kiunoni mwa mtu mmoja kwa miaka, kwa sahihi yake, na alipohamishwa ama alihama nayo ama aliirudisha kwa sahihi nyingine. Ukipata nambari ya rivolva na ukurasa wa daftari, umepata jina, cheo, stesheni na tarehe. Hakuna kifaa kingine cha polisi kinachomfunga mtu mmoja na tukio kwa ukaribu huo.

Na karatasi tulizonazo zina mashimo. Kabla ya uhuru, serikali ya kikoloni ilichoma majalada mengi na mengine ikayapakia kwenda Uingereza. Mwaka 2011, katika kesi ya wazee wa Mau Mau huko London, ndipo serikali ya Uingereza ilipokiri kwamba majalada hayo yalikuwa yamefichwa Hanslope Park, jengo la serikali hiyo. Yalianza kufunguliwa kwa umma mwaka 2012, na leo yako katika Hifadhi ya Nyaraka ya Uingereza huko Kew, London, kwenye mfululizo wa FCO 141. Yale yaliyochomwa hayapo tena. Mahali pengine chuma ndicho shahidi pekee aliyebaki, nanyi mnataka kumyeyusha kabla hajatoa ushahidi.

Sasa tueleze shahidi huyu anasomwaje, kwa sababu mara nyingi karatasi zinazojazwa vituoni huandikwa "bastola kuukuu, kutu" na nambari ambayo si nambari.

Rivolva zinazostahili kutafutwa katika ukanda huu ni za koo nne. Kubwa kuliko zote ni Webley Mark VI, iliyopitishwa na jeshi la Uingereza mwaka 1915. Mtutu wake una inchi 6, uzito wake ni kama kilo 1.1, na inabeba risasi ya .455, yaani karibu milimita 11.5 kwa upana. Unasukuma wenzo ulio upande wa kushoto karibu na nyundo, mtutu unainama mbele kama bunduki ya kuwindia ndege, na nyota ya katikati inayatupa maganda yote sita kwa pamoja. Mdogo wake ni Webley Mark IV ya .38, yenye umbo lilelile lakini nyepesi, mtutu wa inchi 5 mara nyingi. Ukiona ubavuni maneno WAR FINISH, ujue ni ya wakati wa Vita vya Pili: kiwanda kilikuwa kinaomba radhi kwamba hakikupata muda wa kung'arisha chuma.

Ya tatu ni Enfield No. 2, ambayo mtu wa haraka huiita Webley kwa sababu inakunjuka vilevile. Ilipitishwa mwaka 1932. Tazama ubavu wa kulia chini ya nyundo: pana taji, neno ENFIELD, No. 2 MK I na mwaka. Hii ndiyo rivolva tunayoipenda kuliko zote kwa sababu inajisema yenyewe. Mwaka 1938 jeshi lilibadili mtindo: kikucha cha nyundo, kile unachovuta kwa dole gumba, kikaondolewa kwa sababu kilikuwa kinanasa ndani ya vifaru, na alama ikawa MK I*, yenye nyota. Rivolva za zamani zilipoingia karakana zilikatwa kikucha na kuongezewa nyota. Kwa hiyo ukishika Enfield iliyoandikwa 1934 na nyundo yake ni butu, tayari unajua mambo mawili: ilizaliwa 1934, na baada ya 1938 ilirudi mikononi mwa fundi wa jeshi. Haikuletwa Afrika 1935 ikakaa stesheni moja hadi uhuru, hata kama familia itaapa hivyo.

Tena Enfield ina kisahani kidogo cha shaba kilichopachikwa kwenye kibamba cha mpini. Kiliwekwa pale kwa ajili ya kugongwa herufi za kikosi na nambari ya silaha ndani ya kikosi. Vibamba ndivyo kitu cha kwanza kuvunjika na kubadilishwa, na kisahani huenda navyo. Tafadhali, kibamba kilichovunjika kisitupwe. Kifungwe kwenye mfuko pamoja na silaha yake.

Ya nne ni ya Marekani, Smith & Wesson ya .38, ile iitwayo Victory. Hii haikunjuki, silinda, kile kiviringi chenye vyumba sita vya risasi, inatoka kando kushoto ikiwa imeshikwa na mkono mdogo wa chuma. Uingereza na washirika wake walipewa zaidi ya 500,000 za kipenyo chao wakati wa vita. Nambari zake zilipofika milioni mwaka 1942, kiwanda kilianza upya kwa herufi V. Ikiwa juu ya fremu, yaani kiunzi cha silaha, kuna UNITED STATES PROPERTY, silaha ilitolewa chini ya mpango wa mkopo wa vita ambao sheria yake ilipitishwa Machi 1941. Ikiwa maneno hayo hayapo na nambari haina V, yaelekea ilinunuliwa kwa pesa taslimu kabla ya hapo. Na herufi S kabla au baada ya V si pambo. Mwishoni mwa 1944 baharia wa Marekani alikufa baada ya rivolva ya aina hii kuanguka ikalipuka yenyewe. Kiwanda kikabadili kizuizi cha nyundo, na zilizobadilishwa zikagongwa S. Yenye V peke yake ishikwe kana kwamba kuanguka kwake ni kufyatuka kwake. Afisa wa ghala anafaa kulijua hili hata kama historia haimhusu.

Makosa, basi, hutokea wapi?

Kosa linalotukera kuliko yote liko kwenye Webley Mark IV. Ubavuni kumeandikwa PAT. 186131. Hiyo ni nambari ya hataza ya kiwanda. Iko kwenye rivolva hii, iko kwenye ile, iko kwenye zote. Mtu akiiandika kama nambari ya silaha, daftari litakuwa na rivolva kumi zenye nambari moja, na atakayekuja baadaye atadhani ni ulaghai. Nambari yenyewe iko mahali pengine kwenye fremu, na mara nyingi imerudiwa kwenye mtutu na silinda.

Kwenye Smith & Wesson mtego ni mwingine. Ukifungua silinda, ndani ya ule mkono wa chuma na kwenye fremu mbele yake utaona nambari iliyogongwa vizuri, inayosomeka. Hiyo ni nambari ya fundi wa kiwandani ya kuunganisha vipande. Haina kazi nje ya kiwanda. Nambari ya kweli iko chini ya kitako cha mpini, mara nyingi pete ya kamba ikiwa imeigawa mbili, na imerudiwa nyuma ya silinda na chini ya mtutu, kwenye bapa ambapo fimbo ya kutolea maganda hulala. Andika herufi pia. V 123 na 123 ni silaha mbili zilizotengana kwa miaka mingi. (Nambari hizi ni za mfano tu.)

Na nambari za fremu, mtutu na silinda zisipolingana, msichague inayopendeza. Andikeni zote tatu. Kutolingana maana yake ni kwamba fundi mmoja aliwahi kuunga rivolva moja kutoka mbili, na hiyo nayo ni sehemu ya historia yake.

Halafu kuna ".38", neno lililoharibu rekodi nyingi. Risasi ya rivolva hizi za Uingereza ina ganda la milimita 19.5. Ile .38 Special ya Marekani ina ganda la milimita 29.3, jembamba zaidi. Baada ya vita wafanyabiashara wa silaha walitoboa vyumba vya silinda viwe virefu ili vipokee hiyo ndefu. Ganda jembamba ndani ya chumba kipana huvimba, mara nyingine hupasuka. Kwetu ishara ni hii: ukitazama ndani ya chumba cha silinda kutoka nyuma, kwenye rivolva isiyochezewa utaona ngazi ndogo ya duara karibu milimita 20 ndani. Ikiwa ngazi iko karibu na milimita 30 au haipo kabisa, rivolva ilipita dukani kwa raia baada ya kuacha utumishi. Pima kwa kalipa (kifaa cha kupimia upana na kina), upande wa kina. Usijaribu kwa risasi, hata iliyokufa.

Alama nyingine ya kuacha utumishi ni mishale. Mshale mpana wa serikali ya Uingereza uko kwenye karibu kila kitu chake. Ukiwa ndani ya herufi C ni Kanada, ndani ya U ni Afrika Kusini. Mishale miwili ikigusana ncha kwa ncha, silaha iliuzwa nje ya jeshi rasmi. Na chapa .38 .767" 3½ TONS kwenye mtutu au silinda si nambari ya mtu: inchi .767 ni urefu wa lile ganda la milimita 19.5, na tani 3½ ni shinikizo ililopimwa kwenye Jumba la Majaribio la Birmingham kwa ajili ya biashara ya kiraia.

Herufi za vikosi hugongwa mgongoni mwa mpini au kwenye kile kisahani. Hapa tunaomba unyenyekevu, tukijumlisha na sisi wenyewe. K.P. inamvuta kila Mkenya aseme Kenya Police. Isemwe hivyo pale tu daftari litakapothibitisha. Silaha za himaya zilitembea, na watu wake pia. Richard Catling, aliyekuwa Kamishna wa Polisi wa Kenya tangu 1954 hadi uhuru, alikuwa amehudumu katika Polisi wa Palestina na kisha Malaya. Polisi wa Palestina walipovunjwa mwaka 1948, maofisa wao walisambaa katika makoloni mengine. Rivolva yenye herufi za mbali ikipatikana Njoro au Nandi Hills isishangaze mtu wala isisahihishwe na karani.

Sasa karatasi yenyewe. Kwanza usalama, na hapa afisa wa ghala ndiye mkuu, si sisi. Mtutu uelekee ndoo ya mchanga. Silinda ifunguliwe, vyumba sita vitazamwe kwa macho kisha viguswe kwa penseli, na mtu wa pili arudie. Kutu huweza kushika risasi ndani ya chumba isidondoke hata ukiinamisha, kwa hiyo "haikutoka kitu" si jibu. Ikinasa, iachwe hapohapo aitwe mtaalamu wa balistiki, yaani uchunguzi wa silaha na risasi.

Picha nane: ubavu wa kushoto, wa kulia, juu ya fremu, mgongo wa mpini, kitako, nyuma ya silinda, chini ya mtutu, na karibu kabisa kwenye chapa inayosumbua kusomeka. Rula ya milimita iwepo kwenye kila picha. Simu ya kawaida inatosha, ila mwanga ndio kila kitu. Tochi isimulike kutoka juu. Iwekwe pembeni, karibu ilale sawa na chuma, ili ukingo wa kila herufi utupe kivuli. Chapa iliyofifia isaidiwe kwa chaki nyeupe ya shule. Iburute kwa ubavu wake juu ya herufi, kisha pitisha kitambaa cha pamba mara moja tu, mwelekeo mmoja. Unga unabaki ndani ya mifereji ya herufi, na nambari uliyoapa ni 3 inageuka kuwa 8. Ukimaliza, toa chaki yote kwa brashi laini na upake mafuta mepesi, maana chaki hunyonya unyevu, na Kisumu haina upungufu wa unyevu.

Yasiyofaa kufanywa ni mengi kuliko yanayofaa. Msasa, brashi ya waya, grinda, msumari, ndimu, asidi ya betri, rangi mpya nyeusi: vyote hivi marufuku. Kijana wa kazi akipewa rivolva na kuambiwa "isafishe", ataing'arisha mpaka taji na mshale viondoke, na atasifiwa. Nambari iliyokwanguliwa kwa makusudi ni kesi tofauti. Chuma kilichokuwa chini ya nambari kilibanwa wakati wa kugongwa, na maabara ya uchunguzi huweza kukifufua kwa kemikali, mradi mtu hajapitisha msasa juu yake tena.

Baada ya chuma, makaratasi. Kuna jambo moja la ukanda wetu ambalo hata watafiti wa Nairobi hulisahau: mpaka tarehe 1 Aprili 1902, Kisumu na Nakuru hazikuwa upande wa Kenya. Zilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Na mpaka 1905 himaya hizi zilisimamiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, si Wizara ya Makoloni. Anayetafuta silaha za askari wa kwanza wa Port Florence, ndiyo Kisumu ya leo, ndani ya majalada ya Kenya atatafuta hadi azeeke; aanzie Kew kwenye FO 2 na upande wa Uganda. Baada ya hapo ni CO 533 hadi 1951, CO 544 kwa ripoti za kila mwaka za idara, na CO 822 kwa Afrika Mashariki yote. Hapa nyumbani, majalada ya wakuu wa mikoa na wilaya yako Hifadhi ya Nyaraka, Moi Avenue: PC/NZA kwa Nyanza, PC/RVP kwa Bonde la Ufa, DC/KSM kwa Kisumu, DC/NN kwa North Nyanza ambayo makao yake yalikuwa Kakamega, DC/NKU kwa Nakuru. Kwa Smith & Wesson, wakfu wa historia wa kiwanda hicho hutoa, kwa malipo, barua inayosema silaha ilitoka kiwandani lini na ikapelekwa wapi. Msitarajie makubwa: kwa silaha ya vita barua huishia kwenye ghala la kijeshi la Marekani, na kipande cha safari kutoka pale hadi huku kinabaki juu yetu.

Kinachokosekana katika mnyororo huu ni madaftari ya vituo vyenyewe: rejista za silaha, OB (madaftari ya matukio) za zamani, madaftari ya vielelezo. Mkurugenzi wa Nyaraka, hili ni lako. Sheria ya Hifadhi ya Nyaraka za Umma, Sura ya 19, haimruhusu mkuu wa kituo kuchoma rekodi ya umma kwa sababu tu stoo imejaa au mchwa wameingia. Na rekodi iliyotimiza miaka 30 imeruhusiwa kwa umma kukaguliwa ikishapokelewa kwako. Tunaomba utoe agizo la kuyakusanya ya kabla ya 1970 kutoka vituo vya ukanda huu. Inspekta Jenerali, ombi la raia la kuona rejista ya 1948 lijibiwe ndani ya siku 21 kama inavyotaka Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, na neno "usalama wa taifa" liwekewe akiba kwa mambo ambayo yana usalama ndani yake. Hakuna jambazi anayesubiri kujua nani alibeba Webley gani miaka zaidi ya 70 iliyopita.

Makumbusho nao wana kazi ya kisheria. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inakihesabu kifaa kuwa cha kale ikiwa kilitengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895. Rivolva zote tulizozitaja zimekosa mstari huo. Webley ya 1916 kisheria haina ulinzi kuliko sufuria. Lakini kifungu cha 25 kinampa Waziri uwezo wa kutangaza kitu au aina ya vitu kuwa vinavyolindwa, kwa tangazo la gazeti rasmi. Mkurugenzi Mkuu, tuandikie rasimu ya tangazo hilo: "rivolva za utumishi wa polisi na polisi wa akiba zilizoingizwa Kenya kabla ya tarehe 12 Desemba 1963, zilizouliwa kiufundi." Sentensi moja inatosha.

Kuhusu kuuliwa. Tunataka njia inayoua silaha bila kuua maandishi. Sindano inayogonga risasi iondolewe na tundu lake lizibwe kwa kuchomelewa. Fimbo ya chuma kigumu iingizwe mtutuni kutoka nyuma na kuchomelewa. Kuta za vyumba vya silinda zitobolewe. Mafundi wengi hupenda kukata mfereji chini ya mtutu kwa sababu hauonekani ikiwekwa kabatini. Kwenye Smith & Wesson nambari iko hapohapo chini, kwa hiyo mfereji ukatwe ubavuni, upande usio na chapa. Enfield isiguswe ubavu wa kulia wa fremu. Picha nane zipigwe kabla fundi hajawasha mashine. Cheti cha balistiki kitolewe kwa kila moja na kikae makumbusho, si kwa mtu.

Zikifika, zisirudishwe ndani ya ala zake za ngozi hata kama ndivyo zilivyokuja na ndivyo zinavyopendeza. Dawa za kulainisha ngozi na chumvi zake hula chuma polepole na kuota ukoga wa kijani kwenye shaba. Ala ihifadhiwe kando, kwa nambari ileile. Unyevu wa kabati uwe chini ya asilimia 50. Pakiti za silika zikibadilika rangi zikaushwe kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa 2 au 3. Glavu kila mara, kwa sababu alama ya kidole chenye jasho huweza kugeuka kutu yenye umbo la kidole. Nta ya makumbusho ni bora kuliko mafuta ya kupuliza ya gereji, ambayo hukauka na kuwa gundi inayonasa vumbi.

Wapi ziwekwe? Kisumu kwa za Nyanza, Kitale kwa za mashamba ya walowezi. Tungependa angalau moja iende Kapenguria, kwenye vyumba vile vya gereza walimofungwa Kenyatta na wenzake, iwekwe bila maua na bila kioo cha kupendeza, pamoja na nakala ya ukurasa wa daftari unaoonyesha nani aliibeba. Makumbusho ya Hyrax Hill, pamoja na upendo wetu wote kwa Nakuru, si mahali pake. Pale ni pa watu wa kale.

Neno kwa vituo kuhusu raia. Mjane anayefungua sanduku la bati na kukuta rivolva chini ya nguo anaogopa kituo kuliko anavyoiogopa rivolva. Akija nayo, apewe risiti yenye nambari kamili, na kila kilichokuwa nayo sandukuni kipokelewe pamoja: ala, mkanda, kamba, cheti cha zamani, hata bahasha. Makaratasi hayo yakitenganishwa na silaha kaunta, hayarudiani tena.

Gharama ya haya yote tumeipiga hesabu bila kuficha kitu. Kwa kila kituo: kalipa moja, rula, tochi, pakiti ya chaki, brashi, glavu, ndoo ya mchanga, na simu ambayo mtu tayari anayo mfukoni. Watu wa kusoma chapa tunao, bila malipo. Tunachohitaji kutoka kwenu ni chumba chenye meza, afisa wa ghala atakayefungua silinda kwa mkono wake mwenyewe, na barua yenye muhuri ili mlinzi wa lango asitushangae tukifika tumebeba chaki. Tungependa kuanza na stoo za vielelezo Nakuru, kisha Kisumu, kabla orodha ya silaha za kuchomwa zijazo haijafungwa.

Ni sisi wenu waaminifu,

Wafuatiliaji wa historia ya silaha za polisi,
Nakuru na Kisumu